Umeachishwa Kazi? Fungua Shauri Kwanza, Mazungumzo Yafuate

Kuna msemo wa mahakamani ambao umeingia hadi vijiweni: jinai haiozi. Aliyetenda kosa miaka ishirini iliyopita anaweza kufikishwa kizimbani leo, na hakuna atakayemsikiliza akidai kwamba ni mambo ya zamani. Msemo huo ni wa kweli mahali pake, lakini umetuzoesha vibaya, maana wengi wameubeba na kuupeleka kusikokuwa kwake. Mfanyakazi anapewa barua ya kuachishwa kazi, anaona wazi kwamba amedhulumiwa, anaikunja barua na kuiweka kabatini, anajiambia haki yake ipo na ataidai akishatulia. Dai la kuachishwa kazi isivyo haki linaoza, tena upesi. Kwa Tanzania Bara, dai hilo lina siku 30. Kanuni za Usuluhishi na Uamuzi zilizotolewa kwa Tangazo la Serikali Namba 64 la mwaka 2007 zinataka mgogoro wa aina hiyo ufikishwe Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ambayo wengi tunaiita CMA, ndani ya siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa kazi, au tangu mwajiri alipotoa uamuzi wake wa mwisho wa kuachisha, au alipouthibitisha uamuzi huo. Migogoro mingine ya kazi, kama mishahara iliyozuiliwa wakati ajira bado ipo, imepewa siku 60.

Ninachotaka kumshawishi msomaji ni jambo moja tu. Aliyeachishwa kazi afungue shauri kwanza, halafu ndipo aombe, azungumze, asubiri na kutafuta ushauri. Wengi hufuata njia ya kinyume. Huanza na maombi kwa mkurugenzi, wakapita kwa mtu anayefahamiana naye, wakangoja malipo waliyoahidiwa, na CMA wakaiacha iwe ya mwisho pale mengine yote yatakaposhindikana. Ni mwenendo wa kistaarabu, na sehemu kubwa ya maisha yetu unatufaa sana: ugomvi wa ndugu, wa jirani, wa mwenye nyumba na mpangaji, huanzia barazani kabla ya kwenda kwa mtendaji wa kata. Katika ajira mwenendo huohuo ndio unaowakosesha watu haki ambayo wangeipata.

Wapo wanaodhani kuchelewa ni dosari ndogo ya utaratibu ambayo mwamuzi mwenye huruma ataifumbia macho. Ukomo wa muda unagusa mamlaka yenyewe ya Tume. Shauri lililopita siku zake bila kuongezewa muda ni shauri ambalo Tume haina mamlaka ya kulisikiliza, na kwa kuwa ni suala la mamlaka, linaweza kuibuliwa katika hatua yoyote. Mwajiri anaweza kuliibua siku ya kwanza kama pingamizi la awali. Mwamuzi anaweza kuliona mwenyewe akiwa katikati ya ushahidi. Jaji wa Mahakama Kuu, Divisheni ya Kazi, anaweza kuliuliza shauri linapofika kwake kwa marejeo, hata kama hakuna upande uliolitaja kabla. Kwa hiyo mfanyakazi anaweza kushinda mbele ya mwamuzi, akashika tuzo mkononi, akaanza hata kupanga namna ya kulipa ada za watoto, kisha kila kitu kikafutwa kwa sababu ya siku nne zilizopita kabla hajajaza fomu. Hapo hakuna anayeuliza tena kama aliiba au alisingiziwa, wala kama kikao cha nidhamu kilimpa nafasi ya kujitetea.

Kwa hiyo hesabu ya siku ni kazi ya kwanza, na ifanywe kwa kalamu juu ya kalenda, si kwa kukisia. Siku ya tukio lenyewe haihesabiwi. Siku ya mwisho inahesabiwa. Kama mtu aliachishwa kazi Jumanne tarehe 3 Machi 2026, siku ya kwanza ni tarehe 4, na siku ya 30 inaangukia Alhamisi tarehe 2 Aprili. Jumamosi zote, Jumapili zote, na hata mapumziko ya Idd el-Fitr yaliyoangukia mwezi huohuo wa Machi, yamo ndani. Hazihesabiwi siku za kazi peke yake, na hapa ndipo wengi huteleza, kwa kuwa ofisini wamezoea likizo na notisi zinazohesabiwa kwa namna hiyo. Nafuu ipo moja: siku ya mwisho ikiangukia Jumamosi, Jumapili au sikukuu ya kitaifa, haihesabiwi. Mtu aliyeachishwa siku moja baadaye, tarehe 4 Machi, siku yake ya 30 ingekuwa Ijumaa Kuu. Inafuata Jumamosi, Pasaka, Jumatatu ya Pasaka, na tarehe 7 Aprili ni Karume Dei, kwa hiyo angefika Jumatano tarehe 8 akiwa bado ndani ya muda. Namshauri msomaji aijue nafuu hiyo lakini asiipangie safari. Anayepanga kufika siku ya mwisho kabisa amejiweka mikononi mwa foleni, mvua, na mpokea nyaraka aliyetoka kidogo.

Barua yenyewe huwa na tarehe zaidi ya moja, nayo isomwe kwa makini. Juu kulia ipo tarehe iliyoandikwa barua. Katikati ipo sentensi inayosema ajira yako inakoma kuanzia tarehe fulani, na pengine tarehe hiyo imetangulia siku ya barua. Chini, kwenye nakala ambayo afisa utumishi alikusainisha, ipo tarehe uliyoipokea. Mawakili wanaweza kubishana hadi jioni ni ipi kati ya hizo tatu inayoanzisha hesabu. Mfanyakazi hana sababu ya kuingia kwenye ubishi huo. Ahesabu kutoka tarehe ya mapema kuliko zote, na hakuna atakayeweza kumwambia amechelewa. Iwapo tarehe ya mapema imerudishwa nyuma mno kiasi kwamba siku zimekwisha kabla barua haijamfikia, basi atunze ushahidi wa siku aliyoipokea, ikiwemo bahasha, ujumbe wa simu uliomwita ofisini, au nakala yenye saini yake, na aende CMA siku hiyohiyo au kesho yake.

Aya ya mwisho ya barua nyingi za namna hii inasema kwamba utalipwa stahiki zako baada ya kukabidhi mali za ofisi. Mtu anakabidhi funguo, kompyuta na kitambulisho, anapewa fomu izungushwe idara moja baada ya nyingine, na katika kuzungusha kwake wiki mbili zinakwisha. Akiuliza malipo, anaambiwa hundi ipo kwa mhasibu, mhasibu anasema anasubiri saini, mwenye saini yuko safarini. Haihitaji kudhani kwamba kuna njama. Ofisi nyingi ndivyo zinavyokwenda siku zote. Lakini sheria haitofautishi anayechelewesha kwa hila na anayechelewesha kwa uzembe. Mahakama ya Rufani imekwisha kusema, katika mashauri kama la kampuni ya P & O International dhidi ya TANAPA, kwamba mazungumzo kati ya pande mbili hayasimamishi muda. Mnaweza kuwa mmekaa meza moja, mmekunywa chai pamoja, mmekaribia kabisa kukubaliana kiasi. Saa inaendelea kutembea. Siku ya 31 upande mmoja ukiinuka mezani, wewe uliyebaki umekaa huna tena pa kwenda.

Na hapa ndipo hoja yangu inapopata nguvu yake, maana kufungua shauri CMA hakuyafungi mazungumzo. Tume imeundwa ili ianze na usuluhishi. Shauri likipokelewa, linapangiwa msuluhishi, na sheria inampa siku 30 za kujaribu kuwapatanisha, zikiwa na nafasi ya kuongezwa pande mbili zikikubaliana kwa maandishi. Msuluhishi hana kazi ya kutafuta mkosaji. Kazi yake ni kukaa na mwajiri na mfanyakazi, pamoja au mmojammoja, na kutafuta makubaliano. Kwa maneno mengine, mazungumzo yaleyale ambayo mtu anayaogopea kuyaharibu ndiyo anayoyakuta huko, ila sasa yana tarehe, yana mtu wa kati, na mkikubaliana mnasaini hati inayowafunga nyote wawili. Ahadi ya simu kwamba "njoo wiki ijayo" haimfungi yeyote. Usuluhishi ukishindikana ndipo shauri linakwenda kwa uamuzi, ambako ushahidi unasikilizwa. Anayezungumza akiwa ameshafungua shauri anazungumza na mwajiri ambaye anajua kuna kitakachofuata; anayezungumza bila shauri anazungumza na mtu ambaye faida yake ni kuongeza kuzungumza.

Pingamizi la kwanza nitakaloambiwa ni la hofu, nami silidharau. Bosi atakasirika, atazuia malipo niliyoahidiwa, atakataa kunipa cheti cha utumishi, na kesho nikiomba kazi kwingine wakimpigia simu ataniharibia. Hofu hiyo ina msingi kwa mtu ambaye mshahara wake wa mwisho umekwisha kuliwa na kodi ya nyumba. Lakini tazama kilicho ndani yake. Mshahara wa siku ulizofanya kazi, malipo ya likizo ambayo hukuichukua, na cheti cha utumishi ni mambo ambayo Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inamtaka mwajiri ayatoe ajira inapokoma. Hayategemei ukimya wako. Mwajiri anayeyashikilia ili usishtaki anakuongezea dai jingine la kupeleka Tume. Kuhusu simu ya kukuharibia, sina dawa kamili, wala sitamdanganya msomaji kwamba ipo. Nitasema tu kwamba ukimya wa siku 30 haujamfunga mtu yeyote asiseme vibaya siku ya 31, na mtu aliyekwisha kuachishwa kwa tuhuma ya wizi au uzembe ana jina ambalo tayari linahitaji kutetewa. Kuna tahadhari moja zaidi katika eneo hili. Ukipewa hati ya kusaini ili upokee malipo, isome hadi mwisho. Kupokea stahiki zako ni jambo moja. Kusaini kwamba umemaliza madai yote dhidi ya mwajiri, ya sasa na ya baadaye, ni jambo jingine, na karatasi hiyo utaonyeshwa tena.

Pingamizi la pili ni la watu makini zaidi: nimekata rufaa ya ndani kwa mkurugenzi mkuu au kwa bodi, bado sijajibiwa, kwa nini niwahi? Ni kweli kwamba kanuni zenyewe zinatambua siku ambayo mwajiri alithibitisha uamuzi wake, na kwa hiyo aliyetumia ngazi ya rufaa iliyopo kazini anaweza kuhesabu kutoka siku alipojibiwa. Tatizo liko kwenye neno "iliyopo". Barua ya kuomba huruma kwa mwenye kampuni, pale ambapo kanuni za kazi hazina ngazi yoyote ya rufaa, inaweza isihesabike kuwa rufaa, na jibu lake lisihesabike kuwa uthibitisho. Na rufaa isiyojibiwa kabisa haina tarehe ya kuanzia hesabu; mtu anabaki na tarehe yake ya kwanza, ambayo imeshamwacha. Ndiyo maana nashauri siku ya 30 ya barua ya kwanza iheshimiwe hata kama rufaa iko mezani. Baya linaloweza kutokea ni mwajiri kudai kwamba umewahi. Shauri likiondolewa kwa kuwa limewahi, bado lina pa kurudia, na muda uliopotea likiwa mbele ya Tume unaelezeka kwa urahisi. Mahakama zetu huuita ucheleweshaji wa kitaalamu na kuutofautisha na uzembe. Lililochelewa halina utetezi mwepesi wa namna hiyo.

Halafu wapo wanaosema hawana wakili, hawana fedha, na nyaraka zao zote zimebaki kwenye kompyuta ya ofisini. Hawa ndio ninaowaandikia zaidi, kwa sababu hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitajika ili kufungua shauri. Fomu ni ile inayojulikana kama CMA F.1. Inauliza wewe ni nani, mwajiri ni nani, mgogoro ni wa aina gani, ulitokea lini na wapi, na unaomba nini. Mfanyakazi anaweza kuijaza mwenyewe, na mbele ya Tume anaweza kusimama peke yake, au na kiongozi wa chama chake cha wafanyakazi, au na wakili, au na mwakilishi aliyemchagua. Ushahidi hautakiwi siku ya kujaza fomu. Tena katika shauri la kuachishwa kazi isivyo haki, mzigo wa kuthibitisha kwamba sababu ilikuwa halali na utaratibu ulifuatwa uko kwa mwajiri. Yeye ndiye atakayeleta kumbukumbu za kikao cha nidhamu, hati ya mashtaka na taarifa ya uchunguzi. Wewe kinachokubana ni tarehe.

Fomu yenyewe, hata hivyo, ijazwe kwa akili. Kwenye aina ya mgogoro weka alama panapohusu kuachishwa kazi, na ile sehemu ya ziada iliyotengwa kwa mashauri ya kuachishwa kazi ijazwe, isiachwe wazi, kwa maana imekuwapo migogoro iliyokwama kwa sababu mlalamikaji alijaza kwamba anadai mishahara, kumbe alichotaka ni kurudishwa kazini. Tarehe ya kutokea mgogoro ilingane na barua. Andika yote unayoyaomba, kwani ambacho hukukiomba ni vigumu kukipata baadaye. Kisha nakala ya kwanza inapelekwa kwa mwajiri kabla ya kwenda Tume, kwa sababu Tume inataka kuthibitishiwa kwamba mwenzako ameipata. Hapa ndipo siku mbili tatu za mwisho hupotelea: mlinzi getini anasema HR hayupo, HR akiwepo anasema hawezi kupokea mpaka aulize makao makuu. Usibishane naye. Nenda na mtu mwingine atakayeweza kueleza kilichotokea, na andika jina la aliyekataa, tarehe na saa. Au tuma kwa rejesta ya posta na utunze risiti. Ofisi ya Tume unayoiendea iwe ile ya eneo mgogoro ulikotokea. Aliyeachishwa kazi Geita akarudi kwao Moshi asifungue shauri Moshi kwa kuwa ndiko anakoishi sasa. Na ukishapokelewa, usitoke bila nakala yako yenye muhuri na tarehe.

Kabla sijaenda mbali, niwataje ambao njia hii si yao au si yao moja kwa moja. Mtumishi wa umma haanzii CMA. Tangu marekebisho ya 2016, Sheria ya Utumishi wa Umma inamtaka amalize kwanza ngazi za rufaa zilizomo katika sheria hiyo, na mwaka 2022 Mahakama ya Rufani, katika shauri lililohusu Shirika la Posta, iliweka wazi kwamba CMA haikuwa na mamlaka juu ya mgogoro wa mtumishi wa namna hiyo. Ngazi hizo nazo zina siku zake, kwa hiyo ushauri wa kuhesabu tarehe haubadiliki. Kinachobadilika ni mlango. Zanzibar ina sheria zake za ajira na chombo chake cha kushughulikia migogoro. Wa tatu ni mwenye mkataba wa muda maalumu uliokatwa kabla ya kwisha. Mashauri mengi ya aina hiyo yamechukuliwa kuwa ya uvunjaji wa mkataba, ambayo kwa kanuni yana siku 60, lakini mstari kati ya uvunjaji wa mkataba na uachishaji usio wa haki umewagawa hata wanasheria. Asiyejua yuko upande gani aiache hiyo 60 kama akiba na afike ndani ya 30.

Pingamizi gumu kuliko yote halimhusu mfanyakazi bali sheria yenyewe. Siku 30 ni chache mno, na zinaanza kuhesabiwa katika mwezi ambao mtu ana akili iliyovurugika kuliko wakati wowote. Majirani zetu wa Kenya wana miaka 3 chini ya Sheria yao ya Ajira ya 2007. Kwa nini sisi tubanwe hivi? Jibu la kihistoria ni kwamba sheria zetu za kazi za 2004 zilichota mengi kutoka Afrika Kusini, ambako sheria ya mwaka 1995 iliweka siku 30 hizohizo. Jibu la kimantiki ni kwamba nafuu mojawapo ya aliyeachishwa isivyo haki ni kurudishwa kazini, na hilo lina maana pale tu kiti chake kikiwa bado hakijakaliwa na mtu mwingine aliyeajiriwa kwa nia njema. Mashahidi nao ni wafanyakazi wenzake, ambao watahama, watasahau, watapandishwa vyeo. Naikubali mantiki hiyo kwa anayetaka kurudi kazini. Kwa anayetaka fidia tu, ina uzito mdogo. Tena ulinganisho na Kenya una upande wake wa pili: mahakama za huko zimeshikilia kwamba miaka hiyo mitatu ikipita, hakuna mwenye uwezo wa kuiongeza. Kwetu muda ni mfupi, lakini una mlango wa nyuma.

Ambacho siwezi kukitetea ni ukimya wa barua. Kanuni za Utendaji Bora za 2007 zinamtaka mwajiri, anapoachisha kazi, ampe mfanyakazi sababu na kumkumbusha haki yake ya kupeleka mgogoro CMA. Barua inaweza kutimiza sharti hilo kwa mstari mmoja bila kutaja kwamba kuna siku 30, na kanuni zinazoweka hizo siku zilichapishwa kwa Kiingereza, lugha ambayo mpishi wa hoteli au kuli wa bandarini hakuajiriwa aisome. Kama ningeombwa kurekebisha neno moja katika mfumo huu, nisingegusa idadi ya siku kwanza. Ningetaka siku zianze kuhesabiwa pale tu barua inapokuwa imezitaja, kwa Kiswahili, pamoja na ofisi ya Tume iliyo karibu. Mwajiri mwaminifu hatapoteza chochote kwa sharti hilo. Lakini sheria bado haisemi hivyo, na kutojua sheria hakujawahi kukubaliwa na mahakama zetu kuwa sababu ya msingi ya kuchelewa.

Nimetaja mlango wa nyuma, nao usichukuliwe kuwa mlango wa mbele. Tume inaweza kuongeza muda kwa sababu ya msingi, na wapo wanaojipumzisha kwa wazo hilo: nikichelewa nitaomba. Anayeomba anatakiwa aeleze amechelewa kwa kiasi gani, kwa nini, shauri lake lina matumaini gani ya kushinda, na mwenzake ataumia vipi muda ukiongezwa. Vigezo ambavyo Mahakama ya Rufani iliviweka katika shauri la Lyamuya Construction vinarudiwa kila siku: aeleze kipindi chote cha ucheleweshaji, ucheleweshaji usiwe wa kupindukia, na aonyeshe bidii badala ya uzembe. Mahakama hiyohiyo imesema kwamba hata siku moja ya kuchelewa lazima itolewe maelezo, vinginevyo ukomo hauna maana. Ugonjwa unakubalika ukiwa na vyeti vya hospitali vinavyolingana na tarehe. Kosa la wakili kwa kawaida halimwokoi mteja. "Nilikuwa nasubiri walichoniahidi" tumekwisha kuona linavyopokelewa.

Kama msomaji ameshapitisha siku hizo, basi afanye kazi hii leo. Achukue karatasi, aandike kila tarehe kuanzia siku ya 31 hadi leo, na mbele ya kila kipindi aandike alikuwa wapi na kuna karatasi gani inayothibitisha: cheti cha hospitali, tiketi ya basi ya kwenda msibani, barua iliyokwenda kwa mwajiri na tarehe ya jibu. Atakapoona pengo la wiki nzima lisilo na maelezo, asilijaze kwa uongo. Atafute ukweli wake, kwa maana hati ya kiapo atakayoisaini inaweza kuhojiwa mstari kwa mstari. Maombi ya kuongezewa muda yana fomu yake, CMA F.2, nayo inapelekwa pamoja na F.1, si baada yake. Na kila siku anayoiongeza kabla ya kupeleka fomu hizo mbili ni mstari mwingine kwenye ile karatasi ambao atatakiwa kuutolea maelezo.